Mzee Asiyetaka Jumapili Ifike

Jumatatu, 3 Juni

Kazi mpya. Usafi kwa mzee mmoja anayeishi peke yake, fundi mitambo mstaafu. Vyumba vitatu na vumbi la tangu enzi. Kila pembe ni michezo: drafti, dhumna, karata, sataranji, vikombe vya ushindi vilivyoota kutu. Mtaani wanamwita Bingwa. Nadhani alianza mwenyewe kujiita hivyo. Mimi ananiita binti.

Sebuleni kuna kabati la chuma lenye mkono mrefu kama wa pampu. Nilikuwa nalifuta alipowasha swichi yake. Likanguruma. "Sasa limeshaanza," akasema. Ya watu niyaulize ya nini siku ya kwanza.

Miguu inawaka moto. Mwanangu Kifaranga nilimwacha kwa mama mkwe. Ana jino moja tu na anauma nalo kama ana thelathini.

Ijumaa, 7 Juni

Kifaranga kasimama! Kashika kiti, kaachia kiti, kabaki wima anatushangaa. Baba yake alikuwa kiwandani, kwenye mikate yake. Aliporudi kapiga magoti na unga kichwani: hebu mwonyeshe baba. Wapi. Kakaa chini, kaanza kula kifungo cha shati.

Jumamosi, 8 Juni, mchana

Nimepitia sokoni, sasa niko kwa mzee. Anacheza drafti na kinyozi wa pale kona. Kinyozi haangalii hata ubao. Anasimulia vichwa vya wateja, na mkono unajilia kete wenyewe. "Kula hiyo, Bingwa, usije ukalala na njaa." Anaelekea kushinda. Mzee uso umemvimba. Ngoja nimalizie kabati niende zangu nyumbani.

Jumatatu, 3 Juni

Sijakosea tarehe. Nimeangalia simu. Nimemuuliza muuza maji, akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Kinyozi alishinda. Mzee akauvuta ule mkono wa kabati nami bado nalifuta. Nikajikuta nimesimama palepale, kitambaa mkononi, jua la asubuhi dirishani. Kinyozi hayupo. Mzee ananiangalia. "Kumbe umekuja na wewe," akasema, kama tuliokutana stendi.

Akanieleza bila haya. Kabati linarudisha wiki mpaka pale lilipowashwa. Anayeligusa anarudi na mwili wake na vyote alivyovaa. Ndiyo maana daftari hili, lililokuwa kwenye mfuko wa aproni, lina Jumamosi ambayo bado. Asiyeligusa hajui lolote, anaianza wiki kama mpya. Ataendelea kuirudisha mpaka amfunge kinyozi.

Nikamwambia, mzee wangu, huo si mchezo. Akasema ndiyo huo hasa, binti. Tena vizuri umekuja, mtu mmoja lazima akumbuke nilivyocheza.

Nyumbani nimemsimamisha Kifaranga. Miguu ikakunjika kama uzi. Nikataka kusema amesahau. Hajasahau. Hajafanya bado.

Ijumaa, 7 Juni

Kasimama tena. Kiti kilekile. Nimelia. Mama mkwe anasema unalia nini, mtoto akisimama ni msiba?

Alhamisi, 6 Juni

Wiki nyingine. Nimeacha kuzihesabu. Kila Jumatatu mume wangu anaingia na mzaha uleule, kwamba bosi wao kavimba kuliko mikate. Kila Jumatatu nacheka. Sijamnyima hata mara moja.

Jana nilikata waya wa kabati kwa kisu cha jikoni. Mzee kauunga huku anapiga mluzi. Yeye ni wa mitambo, mimi ni wa ndoo na tambara, nilitegemea nini?

Naweza kuacha kuligusa. Niwe kama wengine, nisijue. Kila mara nafikia hapo, kisha nauona mkono wangu umeshatangulia. Mama mtu asijue mwanawe hakui? Siwezi.

Leo nimeenda kwa kinyozi kumwomba ashindwe Jumamosi. Alikuwa na mteja mwenye povu hadi masikioni. "Nishindwe makusudi? Shemeji, bora ninyoe nyusi zangu." Mteja akacheka mpaka wembe ukabidi usimame. Nikasema ni kwa ajili ya mtoto. Machozi yakanitoka bila kuyaita. Kinyozi akaacha kucheka. Sawa, akasema. Sijaelewa, lakini sawa.

Jumatatu, 3 Juni

Kinyozi kashindwa kama alivyoahidi. Mzee kajua mapema tu. Kamuuliza, nani kakutuma unihurumie? Kisha kauvuta mkono wa kabati.

Jumatatu, 3 Juni

Safari hii nilimbeba Kifaranga mgongoni, mbeleko nimeikaza mafundo mawili. Kama nguo zinarudi na mimi na daftari linarudi, basi na mwanangu atarudi alivyo.

Amerudi alivyo! Kasimama kwenye sakafu ya mzee asubuhi ya Jumatatu, siku ambayo hajui kusimama. Nimembusu mpaka kanisukuma.

Dakika hiyohiyo simu. Mama mkwe, analia: mtoto alikuwa kwenye mkeka, kageuka kuchukua kikombe, mtoto hayupo. Nikakimbia na aproni yangu. "Umemchukua saa ngapi?" Nikasema sasa hivi, mama, hukuniona. Nimemdanganya mtu mzima mchana kweupe. Akampokea, akatulia, akamfungua mdomo. "Na haya meno mawili? Asubuhi si lilikuwa moja?"

Jumanne, 4 Juni

Wiki kadhaa nimembeba hivyo, sasa anatembea. Anakwenda kama mlevi, tumbo mbele. Kifaranga wangu anakua, ndani ya wiki hii moja anakua.

Baba yake haoni raha ninayoiona mimi. Kila Jumatatu anaaga mtoto wa kutambaa, jioni anapokewa na mtoto mwingine. Jana kakaa kitandani hajavua viatu. Ananiuliza kwa upole: mama Kifaranga, mbona hata wewe umekonda tangu asubuhi?

Jumamosi, 8 Juni, mchana

Mzee anashinda.

Kinyozi hajaambiwa kitu, anacheza kwa nguvu zake zote na amebanwa. Hasimulii vichwa vya watu leo. Ana kete moja, haina pa kwenda. Mzee jasho linamtoka. Kifaranga amelala mgongoni. Mungu wangu, kesho Jumapili. Nitafua. Nitalala. Tutakaa wote watatu nje ya mlango bila kufanya kitu chochote.

Jumatatu, 3 Juni

Kashinda. Kinyozi kampa mkono, kamwambia leo umenivua nguo, Bingwa. Wakacheka wote wawili. Mimi nikachukua ndoo niende.

Mzee akabaki ameutazama ubao. Uso wote ukamshuka. Akanyoosha mkono kwenye kabati. Nikaruka nikalishika, si kwa akili, kwa woga tu.

Nimemuuliza asubuhi hii kwa nini. Si umeshinda? Akawa anapanga kete, nyeusi huku, nyeupe huku. Akasema, "Na Jumapili ningefanya nini, binti?"

Kumbe hakuna kushinda kutakakotutoa humu.

Jumatatu, 3 Juni

Wiki nyingi zimepita, Kifaranga sasa anaongea. Anasema maji, anasema viatu, anasema hapana kwa sauti yangu mimi. Jioni katoka mbio mpaka mlangoni: "Baba!" Mume wangu karudi nyuma. Mgongo wake umegonga ukuta.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Kasema polepole, huyu si mwanangu. Mwanangu nimemwacha asubuhi kwenye mkeka, hajui hata kukohoa vizuri. Huyu wa nani? Na Kifaranga kasimama na mikono juu anangoja kubebwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia mume wangu yote. Nimempa daftari hili alisome. Kasoma amesimama, kasoma amekaa. Ameuliza mambo mawili. La kwanza, ni kweli alisimama kwa kushika kiti? Nikasema ni kweli, na ulikuwa kazini. La pili, mimi nimemkataa mara ngapi? Nikasema ni hii tu.

Akamwita mtoto. Mtoto hakuenda. Akakaa chini sakafuni akangoja, na unga wake kichwani, mpaka akaenda.

Amesema Jumamosi anakuja kulishika hilo kabati na sisi. Tukirudi, turudi watatu. Ataomba ruhusa kwa bosi. Nikamwambia bosi akikataa je? Akasema nitatoka tanuri likizimwa, kinyozi si ana maneno mengi, mchezo utachelewa.

Si kushinda huko. Wiki itabaki ileile. Lakini ataona mwanawe akikua.

Jumamosi, 8 Juni, mchana

Bosi kakataa. Tanuri lizimwe kwanza.

Mzee ananisikia nikiongea na simu. Anakwenda mlangoni, anafunga komeo la juu, lile ambalo mimi nalifikia kwa stuli. Anarudi anakaa. Wanacheza. Hawa wawili walishapeana mkono zamani: anayeinuka kabla mchezo haujaisha, kashindwa.

Namwambia mzee, ngoja basi tumalize polepole leo. Ananiambia mtu mwingine akikumbuka, binti, atakuja na wa kwake, na huyo na wa kwake, mwisho kinyozi naye ajue. Kinyozi anadakia: nijue nini? Zamu yako, anajibiwa.

Naandika na mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye chuma. Kifaranga hataki mgongoni tena, mzito, anajivuta. Nimemshusha. Ameshika sketi yangu. Inatosha, tumeshafanya hivi. Akinishika mimi ni sawa na kulishika kabati.

Mzee anazidiwa upande wa kushoto. Hata mimi sasa naona.

Kengele.

"Shemeji, mlango," anasema kinyozi bila kuinua macho.

Nikienda kufungua na mkono ule ukavutwa, yote haya yamekwisha. Kifaranga atarudi kwenye mkeka na jino lake moja. Maneno haya hayatakuwepo. Nitaamka Jumatatu nina kazi mpya, nimependa kibarua changu. Na baba yake atampata mtoto anayemjua. Nisipokwenda, yeye atabaki huko nje ya mlango, na Jumatatu jioni atagonga tena ukuta kwa mgongo.

Kengele tena. Sasa anaita. Mama Kifaranga. Kisha anamwita mtoto.

Nimemwambia mzee, mwanamume yule ni mume wangu, nakuomba. Amenitazama. Macho yake si ya mtu mbaya. Ni ya mtoto anayeambiwa ingia ndani, giza limeingia. Kaweka kiganja juu ya mkono wa kabati, kakiacha hapo.

Kifaranga kaachia sketi.

Anakwenda. Tumbo mbele, mikono juu, anakwenda mlangoni. "Baba." Nimemwita. Nimenyoosha mguu nimzuie, haufiki, na kiganja changu kimebaki kwenye chuma kwa vidole viwili. Nimemwita kwa sauti ile ya hapana. Hakugeuka.

Kinyozi amekula kete tatu kwa mpigo, na anacheka.