Safu ya Maoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na miwani hujaikalia tena. Mama naye nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemtia ndani ya salamu yako kama sukari kwenye chai. Mimi sijambo. Lile jino lililokuwa likinisumbua liling'olewa muhula uliopita, na hilo jino ndilo lililoanzisha yote nitakayokueleza. Ningeweza kupiga simu, lakini najua msimamo wako kwamba simu ni ya salamu na misiba, na hili si mojawapo.

Tafadhali weka kwanza kalamu nyekundu mezani. Najua umeshaishika. Tangu nianze kazi miaka kumi na moja iliyopita, hakuna barua yangu ambayo hukunirudishia na masahihisho, na mara moja ulinipa sita kwa kumi kwa barua ya kukuombea upone. Hii isome mpaka mwisho, ndipo usahihishe.

Siku ya jino sikuingia darasani kutwa nzima. Kesho yake mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni yule mama niliyekwambia ana miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na bado huuliza miwani yake iko wapi. Alikuwa amefungua daftari langu la maandalio ya masomo. Wewe unalijua vizuri: unapanga somo, muda na kazi ya wanafunzi, halafu kule mwisho kuna safu ya maoni, ambayo unaijaza ukishafundisha. Yangu ilisema kwamba jana somo la kugawanya limeeleweka vizuri na wanafunzi wameshiriki kikamilifu. Akaniuliza kwa upole walishirikije, ilhali mwalimu wao alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi. Kisha akafunua ukurasa wa pili, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Masomo ya siku zilizobaki za wiki ile nayo yalikuwa yameshaeleweka.

Njia ya mwongo ni fupi, Baba. Nilimwambia ukweli, kwamba kila Jumapili jioni mimi huijaza safu ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja ili wiki isinisumbue. Nilitegemea barua ya onyo, lakini yeye akauma na kupuliza. Alisema angeweza kunishtaki, ila anaona nimejidanganya mimi kuliko nilivyomdanganya yeye. Adhabu yangu ikawa kwamba muhula mzima nisiandike tena neno “limeeleweka”. Baada ya kila kipindi niandike kilichonipata mimi mwenyewe, na kila Ijumaa nisome peke yangu, nipige mstari chini ya kile ambacho ningekirudia hata kama hakuna aliyenituma. Yeye hatalifungua daftari mpaka muhula uishe.

Wiki ya kwanza niliandika “nimechoka” mara kumi na tisa. Wiki ya pili niliandika “nimeufundisha ukuta”, na “nimepiga kelele kwa sababu nao walipiga kelele”. Ijumaa ikifika, rula mkononi, sioni pa kupiga mstari. Niliogopa, Baba. Nilikaa kitandani na daftari mapajani, nikajiuliza kama miaka yote hii nimeikalia kazi ya mtu mwingine. Maana hukuwahi kuniuliza nataka kuwa nani, na mimi sikuwahi kujiuliza. Nilikula chaki ya mfukoni mwa koti lako la ualimu nikiwa na miaka minne, mkaniita Chaki, na mjadala ukafungwa.

Mstari wa kwanza niliupiga wiki ya nne. Darasa langu lina wanafunzi arobaini na wanane, na nikiwauliza kama wameelewa, wote hunijibu ndiyo ndefu ya kutikisa madirisha. Nyuma kabisa hukaa msichana ambaye wenzake wanamwita Kifutio, kwa sababu kila anachoandika hukifuta mpaka karatasi inatoboka. Siku hiyo, ndiyo ndefu ilipokwisha, nikamsikia akijisemea polepole kwamba yeye hapana. Niliwapa wengine zoezi, nikavuta kiti, nikakaa kando yake. Sikumuuliza jibu. Nilimwomba aniambie anaona nini. Akasema akiziona zile tarakimu zimepangwa namna ile, anaona watu wanasukumana kwenye ngazi, na hajui nani ashuke kwanza. Baba, miaka kumi na moja nimefundisha kugawanya na sikuwahi kuwaona wale watu! Tukaanza kuwashusha mmoja mmoja. Katika safu niliandika, “Kengele imelia mapema.”

Muhula ulipokwisha nilikuwa na mistari kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja uliopigwa kwa somo nililolitoa nikiwa nimesimama ubaoni. Yote ilikuwa ya meza ya nyuma, kando ya mtoto mmoja aliyeachwa na wenzake. Sasa, shuleni kwetu kuna chumba kidogo karibu na stoo, kilichotengwa kwa ajili ya watoto kama hao, wafundishwe mmoja mmoja au wawili wawili. Miaka miwili hakina mwalimu, maana hakuna anayekitaka. Kina dirisha moja, na mafagio ya shule nzima.

Hapa ndipo napiga moyo konde. Ule unaibu wa mwalimu mkuu niliokuandikia mwezi uliopita, jina langu lilikuwa tayari kupelekwa. Nilimwomba mwalimu mkuu aliondoe, anipe kile chumba. Alisoma daftari langu akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kisha akakubali. Nimeanza Jumatatu. Sitakuwa naibu, Baba. Najua umeshawatangazia wenzako pale kwa kinyozi, na Mama ameninong'oneza kwamba koti lako la sherehe limeshakwenda kwa dobi. Kila nikilifikiria lile koti sijui uso niuweke wapi. Nisamehe.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Juzi nilikaa kukuandikia, nikaona mkono unaandika wenyewe kwamba kazi inaendelea vizuri na nafurahi sana. Nikakumbuka barua zangu zote. Mwaka wa pili wa kazi nilikuwa nalia chooni kila Jumatatu, nikakuandikia kwamba wanafunzi wananipenda mno. Hata ile ya unaibu, nilikwambia nina furaha isiyo kifani, na siku hiyo sikuweza kula. Miaka kumi na moja, Baba, nimekuwa nikikutumia “somo limeeleweka”. Wewe ulisahihisha herufi, mengine yote nilikuficha. Hii ndiyo barua ya kwanza niliyokuandikia baada ya kipindi.

Lakini usidhani nakulaumu. Nakushukuru, tena sana. Nilijichunguza nikitafuta mlango wa kutokea, nikakuta kumbe ni mwalimu kweli, ila wa meza ya nyuma. Na nilipojiuliza hilo nimelitoa wapi, nikakukumbuka wewe. Shuleni ulisimama, lakini nyumbani hukuwahi kunifundisha hesabu umesimama. Ulivuta kigoda, ukakaa kando yangu, ukaniuliza naona nini. Kumbe maneno niliyomwambia Kifutio yalikuwa yako. Mshukuru Mungu pamoja nami kwa mwalimu mkuu ambaye hakunishtaki, na kwa Kifutio, ambaye jana amemaliza ukurasa mzima bila tundu.

Koti likitoka kwa dobi, livae uje unitembelee. Viti vya chumbani kwangu ni vifupi, goti litalalamika, lakini mafagio nimeshayahamisha. Mbusu Mama, mwambie jino halikuuma kama alivyonitisha.

Sasa unaweza kuchukua kalamu yako. Hapo chini nimekuchorea safu. Herufi ziache zilivyo, Baba. Niandikie kilichokupata wewe ulipokuwa ukisoma.

Binti yako,
Chaki

Maoni ya Baba: