Tunachoangalia Sikukuu Hii kwa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
28 Desemba.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu, na pole kwa baridi ya huko na kazi ya kusimama kutwa. Mgongo umeacha kukusumbua? Unakula chakula, au bado unashindia chai kama mwaka jana? Sisi hatujambo. Bonge ameanza kukataa kuoga, na mdogo wake ameota jino la kwanza na analijaribia kwangu. Mimi sina ugonjwa ila usingizi. Mchana napiga pasi shuka za hoteli kule dobi, nikirudi nafua za kwetu. Mume wangu yuko na majokofu yake, maana sikukuu ndipo majokofu ya watu hupenda kufa.

Uliniuliza kwenye simu tunaangalia nini sikukuu hii kwenye televisheni uliyotununulia. Nilijibu "vitu vingi" kwa sababu Mama alikuwa ubavuni kwangu. Sasa nakujibu sawasawa. Nimeandika kwa sababu simu ya nyumba hii inazungumzwa kwa spika na kila mtu anachangia. Barua anakuletea mke wa fundi bomba, anayerudi huko kazini kesho. Isome ukiwa umekaa.

Asubuhi ni katuni. Mchana ni kwaya, kisha shindano la mapishi, ambalo kaka zako hulikodolea macho na kukosoa wapishi, wao wenyewe hata maji yakiwachemkia wataita jirani. Jioni ni mpira. Katikati hapo ndiyo saa ya Mama, tamthilia ya yule nesi aliyeolewa kwenye nyumba ya matajiri.

Ila Mama haioni, wifi. Anaisikiliza. Ulijua macho yanamsumbua. Hukujua yamefika wapi kwa sababu alitukataza tusikwambie. Ni presha ya macho. La kulia limekwisha. La kushoto linabakia na mwanga na vivuli, na daktari amesema lipasuliwe Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ili hicho kidogo kisipotee. Likichelewa, basi.

Kwa hiyo tangu mvua zianze mimi ndiye niliyekuwa namsimulia. Nanyonyesha huku nasema: sasa ameingia sebuleni, sasa mama mkwe ameficha barua chini ya mto. Wakibusiana nasema wameagana. Siku moja akaniambia, "Mama Bonge, hao wanaagana muda wote huo wanakwenda mwezini?" Tulicheka mpaka mtoto akaacha ziwa.

Siku ya sikukuu walikuja wote. Shangazi yenu alikuja na wanawe, na kaka yenu mshereheshaji, Kipaza, akaja na sauti yake ya harusini. Akasema mimi nasimulia kama ninayesoma matokeo ya mtihani, nimpishe. Nikampisha, nilikuwa na vyombo vya watu wote hao. Jikoni nikawa nasikia wanacheka pasipo na cha kuchekesha. Kumbe alikuwa anamdanganya Mama. Alimzika yule nesi wakati nesi yuko hai anapaka rangi ya kucha. Mama akamlilia nesi machozi ya kweli, na wenzake Kipaza wakajiuma mikono wasicheke kwa sauti.

Ikaja ile programu ya watu walio nchi za mbali kuwasalimia ndugu zao. Akatokea mwanamke mmoja, mnene kukuzidi, ana koti jekundu. Kipaza akaruka kwenye kochi.

"Mama! Mtoto wako huyo!"

"Nani?"

"Binti yako! Kajaa kwenye televisheni mzima mzima!"

Hapohapo akabonyeza rimoti, akazima sauti. "Loo, sauti imekatika. Usijali Mama, mimi nasoma midomo."

"Amekonda?"

"Akonde wapi! Mashavu kayajaza kama anapuliza moto."

"Anasema nini? Nisomee."

"Anasema, Mama yangu mzazi, nimesikia habari ya macho. Usikubali kupelekwa hospitali na mtu yeyote. Nisubiri. Nakuja mwenyewe kukushika mkono."

Nilikuwa nimefika mlangoni na sinia. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamcheza. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na soda. Naandika hivyo nami ni mke wake. Mama akanyanyuka, akashika kochi, akashika meza, akafika, akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo. Yule mwanamke alishaondoka. Lilikuwa tangazo la sabuni ya kufulia. Mama alikuwa anapapasa ndoo ya nguo chafu na kusema, "Mwanangu. Mwanangu." Hapo ndipo walipoangua kicheko bila kujificha, naye akageuka akatabasamu, akidhani wamefurahi pamoja naye.

Nilichomoa waya ukutani.

"Nani amemzima?" Mama akapiga kelele. "Nani amemzima mwanangu?"

Asubuhi yake nilipokuwa namwogesha nilimwambia kweli yote, taratibu, jinsi ilivyokuwa. Alininyang'anya taulo. Alisema nina kijicho, mwanawe hata akitokea kwenye televisheni mimi naumia. Alisema afadhali Kipaza, ana utamu. Nilichukua taulo jingine. Nilimkausha miguu nikamvisha.

Nikamfuata shemeji Kipaza, nikamwambia aende yeye mwenyewe amwambie Mama. Akajikuna. "Shemeji, nikimwambia leo, mwakani nitakula sikukuu kwa nani?" Mume wangu akasema ni utani tu, utaisha wenyewe. Nilimwambia utani hauishi wenyewe, humalizwa na aliyeuanza. Tangu hapo tunaongea habari za mkaa na maziwa tu.

Pengine utani ungekwisha, wifi. Lakini jioni ulipiga simu.

Mama alikwambia, "Nilikuona kwenye televisheni. Ulipendeza. Na uliyosema nimeyasikia, nitakusubiri." Sote tulikuwa pale. Spika ilikuwa wazi. Tukasikia gari likipita huko kwako, kisha ukasema, "Ndiyo Mama. Sawa Mama." Najua ulifikiri ni uzee unasema, ukaona umkubalie yaishe, una zamu inakusubiri. Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kutouliza. Swali moja tu, "Mama, uliniona wapi?", lingemtoa alipo.

Sasa anakaa mbele ya kioo kutwa nzima. Katuni zimepigwa marufuku, Bonge akipita anaambiwa anamziba shangazi yake. Akinusa kwamba natoka anauliza kama rimoti iko karibu. Na hospitali haendi. Nilimfuata na viatu kwa ajili ya vipimo vya jana, akarudisha miguu chini ya kochi kama mtoto. "Ninakwenda na mwanangu," akasema. "Aliniambia kwa kinywa chake, na kwenye simu akarudia." Daktari kaniambia nafasi ile akiikosa ataisubiri mpaka miezi ya mbele, na jicho halitasubiri.

Ndiyo hayo tunayoangalia.

Sasa sikiliza, nakupenda na sitalirudia. Barua hii ukiimaliza, piga. Mwambie Mama kwamba yule mwanamke hakuwa wewe. Usicheke, usiseme "Kaka alikuwa anatania", usimtupie Kipaza lawama zote, zilizo zake tutamwachia mwenyewe. Sema wewe ulisema ndiyo bila kujua unakubali nini. Atalia. Atakutolea maneno. Atakukatia simu, na mimi nitakuwa nimesimama hapo na viatu.

Usimpelekee pesa mahali pa simu hiyo. Usiniombe nimwambie mimi, mimi nimeshakuwa mwongo nyumba hii. Akikuuliza utakuja lini nawe hujui, mwambie hujui. Usimpe mwezi, usimpe tarehe. Jicho moja limebaki, na analiweka akiba kwa ajili ya uso wako. Ni wewe tu ambaye atakuamini ukimwambia hauji.

Mume wangu anakusalimu, ingawa hajui nimeandika. Shangazi anakusalimu, na Bonge anakusalimu kwa fujo. Kipaza hajatuma salamu. Siku hizi hasemi sana, na kwake huo ni ugonjwa. Mama anakusalimu kila baada ya tangazo.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupunguzie baridi, na akupe moyo wa kulisema mara moja bila kulizungusha.

Wako anayekupenda hata kwa haya,

Wifi yako,
Mama Bonge