Dawa Yangu ya Kikohozi na Mkojo wa Neema

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru hauonekani, na mimi leo nilitamani nisionekane.

Moshono nzima wananijua kwa dawa ya kikohozi. Nimewaambia mizizi yake naichimba mwenyewe kule juu mlimani, ambako hata nyati hunipisha. Wiki iliyopita nilimpa mpwa wangu Neema, mjamzito wa miezi tisa, maana alikohoa mpaka tumbo likaruka. Chupa ya asali, vijiko viwili kutwa mara tatu.

Jana kajifungua salama. Binti, sauti kama tarumbeta.

Leo nimefika wodini na mtori wa ndizi, nikamkuta analia. Mkojo wake na wa mtoto umepimwa, umeonyesha dawa za jamii ya heroini. Neema wa kwaya, ambaye hata soda hamalizi! Walipomuuliza kama anatumia dawa za kulevya, akajibu hatumii kitu. Ustawi wa jamii wameshaitwa, na mtoto hatoki mpaka ieleweke.

Dada yangu, mama yake Neema, akanigeukia. "Kaka, wewe si ndiye bingwa wa dawa? Waeleze hawa!"

Nikaweka mtori chini.

Sijawahi kuchimba mzizi hata mmoja.

Ile ni dawa ya maji ya dukani, naletewa na dereva wa lori kutoka ng'ambo ya mpaka. Namimina kwenye chupa ya asali, naongeza tangawizi.

Nikasema yote. Wodi nzima ikasikia.

Nesi akataka jina la dawa. Nikampigia dereva, akasoma boksi: ina kodeini.

"Mzee, kodeini na heroini, kipimo hiki cha haraka kinaziona ndugu," nesi akasema. "Tutapeleka mkojo maabara kubwa wahakikishe. Na sisi tulikosea. Tulimuuliza dawa za kulevya, hatukumuuliza za kikohozi. Kuanzia leo kila mama aje na chupa zake zote."

Mtoto atabaki siku mbili waangalie anavyopumua. Ustawi wa jamii wameambiwa wasubiri.

Neema kafuta machozi. "Mjomba, mlima gani huo wenye duka?"

Hata dada kacheka. Mimi bado.

Jioni jirani yangu, mzee Mushi, kaja anakohoa, anataka dawa ya mlimani. Nikamwambia hiyo si dawa, aende zahanati.

Akanishika mkono kwa heshima. "Mganga wa kweli huwa hajisifu."

Sasa huyu nitamwambiaje?