Asali Ndani ya Oti za Mkamwana

Mpendwa mshauri Rebeka, naomba msaada wako upesi, maana nina miaka themanini na minne, magoti yamenifuata kustaafu, na sitaki kuingia kaburini na bakuli la uji kwenye dhamiri.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu, naishi Utemini na mwanangu na mkewe Eliana, binti mwenye adabu, ambaye daktari aliposema nina kisukari na lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, imezidi, alianza kunipikia uji wa oti kila asubuhi, bila sukari, na kwa kuwa kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe akila, huniwekea bakuli limefunikwa, anapiga goti, anatoka, na hapo ndipo shetani anapoingia, kwani rafiki yangu Mazengo wa Kintinku aliponitembelea alichungulia lile bakuli akasema, "Mtani, hii si gundi ya kubandikia matangazo?" akaniachia dumu la asali ya Rungwa, nami nikaanza na kijiko, siku hizi namimina mpaka oti zinaogelea, nikijifariji kwamba nilisoma oti husafisha mishipa, basi zitasafisha na asali humo humo, kisha saa nne nakula ugali wangu wa uwele kama kawaida, kwani uji ni dawa, si chakula.

Sasa sukari imepanda, daktari anataka kuniongezea dozi, na binti yangu Ritha amekuja juu: "Baba alikuwa mzima mpaka wifi alipoanza kumlisha chakula cha farasi!" Eliana analia jikoni, nami najifuta ndevu zinazonata asali. Nikifa atalaumiwa yeye. Je, niseme, au niache ujumbe usomwe baada ya mazishi?

Mzee wa Utemini

JIBU

Shikamoo, baba. Heshima nimemaliza, sasa nisikilize.

Baada ya mazishi? Uliwakagua walimu miaka yote, bakuli lako likakushinda!

Oti si fagio. Zina nyuzinyuzi ambazo zikiiva huteleza kama mlenda, na utelezi huo ndio husaidia kupunguza lehemu na kuifanya sukari iingie kwenye damu polepole. Hauwezi kuzuia mafuriko ya asali, wala ugali unaokuja nyuma yake. Na oti ni chakula, baba, zina wanga kama uwele. Ukizila, umekula.

Kwamba zinachosha ulimi, hapo nakuonea huruma. Mwombe Eliana atie karanga kidogo zilizosagwa, mdalasini, na vipande vichache vya papai. Bakuli dogo, na maji ya kunywa. Siku nyingine apike uji wa uwele usiokobolewa, nao una nyuzinyuzi. Ugali usubiri mchana, tonge chache, mboga nyingi. Asali mrudishie Mazengo, anywe na matangazo yake.

Daktari mwambie ukweli kabla hajaongeza dozi. Ukiacha asali ghafla huku dawa imeongezwa, sukari inaweza kushuka mpaka uanguke.

Kisha mwite Ritha, akae mbele ya Eliana, useme kwa kinywa chako. Desturi inamkataza mkamwana kukutazama ukila. Haimkatazi kukusikia ukimwomba radhi. Kesi ya marehemu haina rufaa, na binti wa watu ataibeba maisha yake yote. Sema leo, kabla ya chakula cha mchana.