Maji ya Chungu cha Mama Yako

Mpwa wangu,

Huku tu wazima, ila magoti yanazigomea ngazi. Juzi jirani aliniletea chupa ya dawa ya mizizi huku akicheka: "Mzee, huyu mgunduzi mbona ana pua yako?" Nikaitazama picha yako kwenye kibandiko. Mgunduzi! Marehemu mama yako aliichachusha dawa hiyo miaka thelathini, na jina lake halimo hata kwa herufi za sisimizi. Hilo limeniuma kuliko magoti.

Sasa waniuliza kwa nini mapipa yako mapya ya chuma yanatoa dawa inayovutika kama kamasi, na karatasi ya kupimia asidi haigeuki nyekundu. Imwage yote, asinywe mtu. Bakteria wanaoleta ule uchachu ndio wanaowafukuza waharibifu, nao hawaishi kwenye pipa lililosuguliwa kwa sabuni. Kila mara kabla ya kuosha chungu, dada yangu alichota bakuli moja la maji ya dawa ya zamani ya kuanzishia mapya. Wewe uliandika vipimo vyote daftarini, lakini chungu hukukiosha hata siku moja, ndiyo maana bakuli hukuliona.

Nilipohama alinipa maji hayo. Nimeyalisha mizizi kwa miaka kumi na tisa, nikihama nayo nchi hadi nchi.

Nakutumia chupa moja ya maji hayo, kwa kuwa wagonjwa hawana kosa. Kwenye chupa nimebandika jina la mama yako. Libandue, kama mkono utakubali.

Ni mimi, mjomba uliyemsahau hadi mapipa yalipoharibika.