Brashi ya Poda na Ua la Stafeli

Shiro, chai iko kwa thamosi. Maji ya kuosha vyombo usimwage, peleka kwa stafeli ya mama yako. Wakubwa wa maji wamefunga mfereji tena, lakini bili wameleta. Naenda Kajiado kuwauliza kama wao hunywa bili.

Tangu mama yako atuache, huo mti haujazaa. Leo ua moja imefunguka, na huku hakuna mdudu wa kuipaka unga ndio ishike tunda. Nikatoa brashi yake ya poda, nikaipaka vile alikuwa anafanya. Jirani Khisa akachungulia kwa ukuta: "Mzee, unarembesha mti?" Nikamwambia alete uso yake pia.

Brashi ~~irudishe kwa sanduku yake ufunge~~ iache tu hapo dirishani. Kesho ua ingine itafunguka. Hiyo utaipaka wewe.

Baba