Perpetua na Baba Yake

Bweri, Musoma

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Yule ndama mweusi ameshaacha kunyonya?

Katekista ametuambia kila mmoja achague mtakatifu wa kipaimara. Nimemchagua Perpetua, mama wa zamani aliyefungwa kwa ajili ya imani. Baba yake alimsihi aikane, akakataa, kama nilivyokataa mimi kukeketwa nikakimbilia huku kwa masista. Nikauliza, "Huyo baba alimchukia?" Katekista akasema alilia, akambusu mikono.

Najiulizaga sana juu ya huyo mzee. Alimfuata bintiye gerezani mara kadhaa, bado amekasirika. Butiama mpaka hapa si mbali. Kipaimara ni Jumapili ijayo. Njoo, baba, hata na hasira zako.

Binti yako,
Nyangi